John Kirk: Tabibu aliyefumbua siri ya sandarusi ya Pwani

UKITAJA biashara ya Zanzibar ya karne ya 19, wengi hukumbuka karafuu na pembe za ndovu. Ni wachache wanaokumbuka sandarusi. Hata hivyo, kwa miaka mingi utomvu huo mgumu wenye rangi ya asali ulikuwa miongoni mwa bidhaa muhimu zilizopakiwa melini Unguja kwenda Marekani, Ujerumani, Uingereza na India.

Huko ng'ambo uliyeyushwa na kutengenezwa vanishi ya kung'arisha magari ya farasi, mabehewa ya treni na samani za matajiri. Miongoni mwa watengenezaji wa vanishi wa London, sandarusi ya Zanzibar ilihesabika kuwa ngumu kuliko zote, na hivyo ilipata bei nzuri kuliko zote.

Jambo la kushangaza ni kwamba sandarusi bora haikugemwa mtini. Ilichimbwa ardhini kama mtu anavyochimba viazi, tena mara nyingi katika sehemu ambazo hazikuwa na mti wowote wa kuitoa. Wachimbaji waliijua, madalali waliijua, na wenye meli waliijua bei yake. Lakini wataalamu wa Ulaya walibishana kwa muda mrefu kuhusu mti ulioitoa na nchi ulikoota.

Aliyetoa ushahidi wa kumaliza ubishi huo ni Dk. John Kirk, tabibu wa Kiskoti aliyeishi Unguja kwa miaka 20. Historia inamkumbuka zaidi kama balozi wa Uingereza na kama mtu aliyemsukuma Sultani Barghash kufunga soko la watumwa. Lakini kabla ya siasa, Kirk alikuwa mtu wa mimea, na maisha yake yana mengi ya kumfundisha mkulima na mfanyabiashara mdogo.

Mtoto wa mchungaji

John Kirk alizaliwa Desemba 19, 1832, katika kijiji cha Barry, mashariki ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854.

Wakati huo mwanafunzi wa udaktari alilazimika kujua mimea, kwa sababu dawa nyingi zilitoka kwenye majani, magome na mizizi. Kirk alilipenda somo hilo kuliko wenzake wengi. Wakati wa vita ya Crimea alipelekwa kuhudumia majeruhi katika hospitali moja nchini Uturuki, na hata huko alitumia nafasi zake za mapumziko kukusanya mimea na kuikausha.

Sifa hizo mbili, udaktari na mimea, ndizo zilizompatia kazi iliyobadili maisha yake. Mwaka 1858 aliteuliwa kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Mto Zambezi.

Mimea yenye faida

Msafara wa Zambezi haukuwa wa kutafuta mito na maziwa tu. Serikali ya Uingereza ilitaka kujua ni mazao gani ya Afrika yanayoweza kuuzwa Ulaya: pamba, rangi za mimea, mbao, nyuzi na gundi. Livingstone aliamini kwamba biashara ya mazao ikistawi, biashara ya kuuza watu itakosa nguvu. Kwa hiyo kazi ya Kirk ilikuwa kuangalia kila mmea kwa macho mawili: jicho la elimu na jicho la soko.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Boti yao ya mvuke ilikuwa mbovu, homa iliwaandama na wakuu wa msafara waligombana mara kwa mara. Mwaka 1859 Kirk alikuwa pamoja na Livingstone walipofika Ziwa Nyasa. Mwishoni mwa mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, sehemu ambayo leo lipo bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Aliponea chupuchupu kufa maji, lakini maandishi na michoro yake ya mimea ya miaka kadhaa vilichukuliwa na mto.

Mtu mwingine angekata tamaa. Kirk alianza upya kukusanya.

Ni katika safari hizo alipogundua jambo jingine kwa bahati. Alikuwa amehifadhi sampuli za sumu ya mishale iliyoitwa kombe, na sumu ikagusa mswaki wake. Aliposafisha meno alibaini kuwa mapigo ya moyo wake yamebadilika. Aliliandika jambo hilo na kupeleka mmea huo Uingereza. Baadaye Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh aliufanyia utafiti, na ukatoa dawa ya moyo iliyotumika kwa miaka mingi katika hospitali za Ulaya.

Tukio hilo linaonyesha tabia ya Kirk. Hakupuuza kitu kidogo, na alikiandika kabla hakijasahaulika. Tabia hiyo ndiyo iliyomsaidia katika suala la sandarusi.

Afika Unguja

Kirk alirudi kwao mwaka 1863 akiwa mgonjwa. Mwaka 1866 alipata kazi ya udaktari katika ofisi ya ubalozi wa Uingereza Zanzibar. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Helen Cooke, na maisha ya ndoa yao yakaanzia Unguja.

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa soko kubwa la Afrika Mashariki. Sultani Majid alikuwa madarakani. Ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikuwa umekodishwa kwa kampuni ya Kihindi ya Jairam Shivji. Wamarekani kutoka mji wa Salem walileta kitambaa cha merikani na kuondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Kampuni za Hamburg, yaani O'Swald na Hansing, nazo zilikuwa na maghala mjini.

Sandarusi ilitoka mrima, yaani pwani ya bara. Ilichimbwa katika ukanda mrefu uliopita Bagamoyo, Uzaramo na Kilwa hadi kusini kuelekea Mto Ruvuma. Wenyeji walichimba mashimo mafupi kwa zana za mkono, wakaokota vipande na kuviuza kwa wafanyabiashara wa pwani, ambao wengi walikuwa Wahindi. Nao walivisafirisha kwa majahazi hadi Unguja.

Katika mnyororo huo mchimbaji ndiye aliyekuwa na kazi nzito na malipo madogo. Hakujua meli inakwenda wapi, wala bei ya mwisho ya vanishi huko London.

Msandarusi ni mti gani?

Kabla ya kueleza alichofanya Kirk, ni vizuri msomaji aujue mti wenyewe.

Msandarusi ni mti wa jamii ya mikunde, ukoo mmoja na maharage, kunde, choroko na karanga. Ndani ya ukoo huo, ndugu zake wa karibu ni miti mikubwa, mathalani mkwaju na mkongo, ambao baadhi ya watu huuita mbambakofi.

Huota katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, katika visiwa vya Zanzibar, na pia Madagaska, ambako huingia katika misitu minene yenye mvua nyingi. Nchini Kenya unaonekana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pamoja na mkongo. Kwa kawaida hufikia urefu wa mita 20 na zaidi kidogo katika pwani yetu. Shina lake ni la kijivu na gome si la makwaruzo mengi.

Alama rahisi ya kuutambua ni jani. Kila kikonyo hubeba vijani viwili tu, vimekaa sambamba kama mapacha. Kila kijani kimepinda kidogo, upande mmoja mpana kuliko mwingine, kina ngozi ngumu na kinang'aa. Ukikiangalia kwenye mwanga utaona vidoadoa vidogo vya utomvu. Maua ni meupe, hutoka kwa vishada nchani mwa matawi.

Alama ya pili ni tunda. Kunde na maharage hutoa maganda marefu yanayopasuka yakikauka. Ganda la msandarusi ni fupi na nene, sentimita tatu hadi tano hivi, halipasuki lenyewe, na ngozi yake imejaa vinundu kama sugu. Vinundu hivyo ni utomvu uliogandia katika ganda.

Mwaka 1791 mtaalamu wa Kijerumani, Joseph Gaertner, aliuelezea mti huu na kuupa jina la kitaalamu la Hymenaea verrucosa. Neno la pili lina maana ya kitu chenye sugu. Baadaye wataalamu wengine waliuhamishia katika kundi la Trachylobium, na hilo ndilo jina lililotumika siku za Kirk. Mwaka 1974 ulirudishwa katika kundi la Hymenaea, ambalo aina zake nyingine zote zinaota katika nchi za joto za Amerika. Hii ndiyo aina pekee iliyoko Afrika.

Jambo moja la kumkumbusha mkulima ni kwamba si kila mti wa mikunde hurutubisha ardhi kama zifanyavyo kunde. Kundi la msandarusi na mkwaju kwa kawaida halifanyi vinundu vya bakteria mizizini, vile vinavyoingiza naitrojeni udongoni. Faida ya msandarusi ipo kwenye kivuli, mbao na utomvu.

Sandarusi za aina tatu

Sokoni Unguja, Kirk alikuta wafanyabiashara wanatenga sandarusi katika madaraja matatu.

Ya kwanza ni sandarusi ya miti. Hii iliokotwa kwenye shina au matawi ya mti ulio hai, au chini yake. Ni laini, huyeyuka kwa moto mdogo, na vanishi yake haidumu. Bei yake ilikuwa ya chini.

Ya pili ni chakazi. Hii ilichimbwa ardhini, lakini karibu na mahali msandarusi ulipoota au ulipokuwa umeota si zamani sana. Haikuwa imekomaa. Wazungu walishindwa kulitamka neno chakazi, wakaligeuza kuwa neno la lugha yao lenye maana ya punda. Sandarusi za daraja la chini zilipelekwa zaidi India na China.

Ya tatu ndiyo sandarusi iliyokomaa, iliyokaa ardhini muda mrefu hadi ikawa ngumu kama jiwe. Ikisafishwa, ngozi yake hutoa vipele vidogo mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Vipele hivyo vilikuwa kama muhuri wa ubora. Mnunuzi wa London au Salem alivitafuta kabla ya kulipa.

Swali lilikuwa: je, hiki kitu kigumu kilitoka kwenye mti uleule unaotoa utomvu laini, au kulikuwa na mti mwingine uliokwisha kutoweka? Na kama ni uleule, kwa nini hauoti pale kinapochimbwa?

Jani ndani ya utomvu

Kirk hakubaki ofisini kusubiri jibu. Alikwenda mrima kuona mashimo, akatazama miti iliyo hai na udongo wake, akanunua vipande sokoni na kuvichunguza kimoja kimoja.

Sandarusi ina tabia ya kunasa vitu. Inapochuruzika ikiwa laini hufunika wadudu, majani na maua, kisha huganda. Wachuuzi wengi walipenda vipande vyenye mdudu kwa sababu ni vya kuvutia. Kirk alitafuta vyenye jani.

Ndani ya sandarusi iliyochimbwa alipata vijani, maua na vitumba. Alipovilinganisha na vya msandarusi ulio hai, alikuta ni vya mti uleule. Alipeleka vielelezo na maelezo Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1860 matokeo yake yakachapishwa na Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe cha London.

Hivyo jibu lilikuwa wazi. Msandarusi ndio mama wa sandarusi zote tatu. Tofauti ya bei haikutokana na mti bali muda. Utomvu ulidondoka, ukafukiwa, ukapoteza mafuta yake mepesi kidogo kidogo na kuwa mgumu. Misitu iliyoutoa ilikuwa imekwisha kutoweka juu ya ardhi, lakini mali yake ilibaki chini.

Siku za Kirk ilidhaniwa kwamba sandarusi hiyo ni ya kale mno. Vipimo vya kisasa vya kaboni vimeonyesha kuwa sandarusi ya ukanda wetu wa Afrika kwa kawaida haina umri wa mamilioni ya miaka. Ni suala la mamia hadi maelfu ya miaka. Hata hivyo, hakuna mchimbaji wala tajiri anayeweza kungoja miaka mia kadhaa ili bidhaa ikomae.

Hapo ndipo penye uzito wa ugunduzi wake. Kwa lugha ya biashara, alichoonyesha Kirk ni kwamba pwani ilikuwa inauza akiba. Kila kipande bora kilichotoka hakikuwa na mbadala, kwa sababu utomvu mpya wa mtini haukuweza kuchukua nafasi yake sokoni.

Jina la mali lilivyopotea

Kuna somo jingine katika habari hii. Kwa muda mrefu wanunuzi wa Ulaya waliamini sandarusi hiyo ni ya India, kwa sababu sehemu kubwa iliwafikia kupitia Bombay. Waliiita kwa jina la bandari hiyo. Nyingine iliitwa kwa jina la Salem, kwa sababu Wamarekani waliipeleka huko ikiwa na tope lake, wakaiosha kwa maji yenye magadi, wakaichambua na kuiuza upya.

Kwa hiyo mali ya Uzaramo na Kilwa ilivaa jina la aliyeiosha. Faida kubwa nayo ilimfuata huyo huyo. Baadaye kazi ya kuosha ilianza kufanyika Unguja kwenyewe, na thamani kidogo ikabaki hapa. Lakini mchimbaji aliendelea kuuza ghafi.

Mkulima wa leo anayeuza korosho zisizobanguliwa au ufuta usiochambuliwa anaijua hali hii vizuri.

Kimbunga na soko la watumwa

Maisha ya Kirk hayakubaki kwenye mimea. Sultani Majid alifariki mwaka 1870 na nafasi yake kuchukuliwa na ndugu yake, Barghash. Mwishoni mwa mwaka huo Kirk alianza kukaimu ubalozi. Mwaka 1872 mwandishi wa Kimarekani, Henry Morton Stanley, alimshutumu hadharani kwamba hakumsaidia vya kutosha Livingstone aliyekuwa bara. Shutuma hizo zilimuumiza, lakini hazikumwondoa kazini.

Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi mingi iling'oka. Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Wenye mashamba wa Unguja walibaki na madeni na mashamba matupu, huku wakitegemea kazi ya watumwa kuyapanda upya.

Katika hali hiyo, Uingereza ilimtaka Barghash apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mjumbe aliyetoka London, Bartle Frere, alishindwa kumshawishi. Kirk ndiye aliyemaliza kazi, akitumia urafiki wake na Sultani pamoja na tishio la manowari kuzuia bandari. Mkataba ulitiwa saini Juni 5, 1873, na soko la Mkunazini likafungwa.

Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Uliendelea kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Lakini biashara ya wazi ya kuuza watu ilipigwa pigo kubwa, na wafanyabiashara wakalazimika kutafuta bidhaa nyingine.

Mpira wa msituni

Moja ya bidhaa hizo ilikuwa mpira. Kirk aligundua kuwa misitu ya karibu na Dar es Salaam na kusini yake ina mitambao inayotoa utomvu mzuri wa mpira. Alipeleka vielelezo Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza, na mmoja ukapewa jina lake, Landolphia kirkii. Ni aina ya mitambao ambayo watu wa pwani huiita mtoria, na matunda yake huliwa.

Katika miaka michache mpira ukawa bidhaa kubwa ya pwani. Lakini ukageuka kuwa sandarusi ya pili. Wavunaji waliikata ovyo mitambao ili wapate utomvu mwingi kwa siku moja, na sehemu zilizokuwa karibu na pwani zikaisha mapema. Waliovuna walikuwa wengi, waliopanda hawakuwapo.

Kirk mwenyewe alikuwa mpandaji. Huko Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, alikuwa na nyumba na shamba ambako alijaribu mimea ya aina nyingi aliyobadilishana na Kew na kwingineko. Miti na maua kadhaa yaliyopelekwa Ulaya yalipitia mikononi mwake. Wanyama nao wana jina lake: kima punju wa Unguja na dikidiki mmoja wa bara, katika majina yao ya kitaalamu, wanaitwa kwa jina la Kirk.

Aondoka kwa huzuni

Mwisho wa kazi yake Zanzibar haukuwa wa furaha. Kwa miaka mingi alimwahidi Barghash kwamba akifuata ushauri wa Uingereza, himaya yake ya bara italindwa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akitia saini mikataba na machifu, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikaitambua. Manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani.

London ilimwagiza Kirk asiwapinge Wajerumani. Yeye, aliyekuwa mshauri mkuu wa Barghash, ndiye aliyelazimika kumwambia akubali. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yalikubaliana mipaka na kumwachia Sultani visiwa na ukanda mwembamba wa pwani wa maili 10. Ardhi nyingi iliyokuwa ikileta bidhaa Unguja ikawa chini ya wengine.

Mwaka huo huo Kirk aliondoka Zanzibar. Barghash alifariki mwaka 1888. Ni vigumu kumwondolea Kirk lawama yote katika hilo. Alikuwa rafiki wa Sultani, lakini mwajiri wake alikuwa Uingereza, na mambo hayo mawili yalipogongana aliyepoteza ni mwenye nchi.

Alikwishapewa heshima ya kuitwa Sir, na baada ya kustaafu aliiwakilisha Uingereza katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890 kuhusu biashara ya watumwa. Aliendelea kuandikiana na wataalamu wa mimea hadi uzeeni. Alifariki Januari 15, 1922, huko Sevenoaks, kusini ya Uingereza, akiwa na miaka 89.

Mwisho wa sandarusi

Biashara ya sandarusi haikuishi muda mrefu kuliko yeye. Utomvu wa mti wa kauri wa New Zealand ulikuwa umeingia sokoni kwa wingi na kwa bei nafuu. Kisha ikaja sandarusi ya Kongo. Katika miaka ya 1920 na 1930 viwanda vikaanza kutumia vanishi za kemikali, na mashimo ya Uzaramo yakafunikwa na majani.

Mambo mawili yaliiua: akiba iliyochimbwa bila kurudishwa, na mnunuzi aliyepata kitu cha bei ndogo zaidi. La pili mkulima hawezi kulizuia. La kwanza anaweza.

Msandarusi bado upo katika misitu ya pwani iliyobaki, ingawa misitu hiyo inapungua kwa mkaa, mbao na mashamba. Si mti wa kumtajirisha mtu kwa utomvu leo, wala si wa kuvunwa kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini anayeufyeka bila kuujua anafanya kile kile walichofanya wavunaji wa mpira.

Vijana wengi wa vijijini wanauza mali ya msituni: asali, ubani, magome ya dawa, ukwaju, ubuyu na mbegu za mafuta. Kabla ya kupakia gunia la kwanza, ni busara kujiuliza maswali aliyojiuliza Kirk. Hiki kinatoka kwenye mti gani? Unaota wapi? Unachukua muda gani kutoa kingine? Na ni nani anayekiosha, anayekichambua na kukipa jina kabla hakijafika kwa mlaji wa mwisho?

Kirk alipata jibu lake kwenye jani dogo ambalo wachuuzi walilitazama kila siku bila kulijali. Mkulima naye ana nafasi hiyo hiyo shambani kwake, tena bila gharama: kuujua mti wake vizuri kabla mnunuzi hajaujua kuliko yeye.